Maswali ya wasomaji: Jumamosi kutwa na redio ya umma

Barua tulizochagua safari hii zinahusu redio ya umma ya Marekani, hasa vipindi vyake vya Jumamosi na Jumapili: mazungumzo, chemshabongo, hadithi, vichekesho na muziki. Baadhi ya walioandika wanaishi hukohuko, wengine wanaipata kwa simu kutoka huku kwetu. Ukivisikia vipindi hivyo utadhani watu wamekaa barazani wanapiga soga. Kumbe baraza hiyo imepimwa kwa sekunde, na anayejua ilivyopimwa huisikiliza kwa faida zaidi.

SWALI: Ndugu wahariri, ninaendesha teksi Minneapolis na redio haizimwi garini. Shemeji yangu yuko Columbus, Ohio. Chemshabongo ya Jumamosi yeye anaisikia saa nyingine na mimi saa nyingine, na anavyo vipindi ambavyo mimi sivipati kabisa. Kwani si redio moja?

JIBU: Si moja, ndugu yetu. Marekani hakuna redio ya umma yenye ratiba moja kwa nchi nzima, kama TBC Taifa inavyosikika vilevile Mwanza na Mtwara. Kuna vituo vingi vya mitaa, vingi vikiwa chini ya vyuo vikuu au mashirika yasiyo ya faida, na kila kimoja kina mkuu wake wa vipindi. NPR, ambayo wengi huidhani ni kituo, ilisajiliwa mwaka 1970, miaka mitatu baada ya Rais Lyndon Johnson kutia saini sheria ya utangazaji wa umma. Kazi yake ni kutengeneza na kusambaza vipindi, na vituo wanachama hulipa ili kuvirusha. Wasambazaji wengine wakubwa ni American Public Media ya huko kwenu Minnesota na PRX ya Boston. Mkuu wa vipindi huchukua kwa hawa na kwa wale, kwa kadiri ya mfuko wake, kisha anapanga. Shemeji yako anasikia ladha ya mtu mmoja wa Columbus, nawe unasikia ya mtu mmoja wa Minnesota.

Hata hivyo, Jumamosi ya vituo vingi ina umbo linalofanana. Saa mbili hadi saa nne asubuhi huwa Weekend Edition Saturday, gazeti la sauti lililoanza Novemba 1985, na sauti yake kuu tangu siku hiyo ni Scott Simon. Saa nne au saa tano inaingia chemshabongo ya habari, Wait Wait... Don't Tell Me!. Adhuhuri na alasiri ni za hadithi: This American Life, inayotengenezwa na Ira Glass tangu 1995 ilipoanzia Chicago, The Moth Radio Hour, ambamo watu husimulia jukwaani bila karatasi, na The Splendid Table kwa wapenda mapishi. Saa kumi na moja jioni habari hurudi na All Things Considered ya mwisho wa wiki, kisha usiku ni wa muziki.

Kinachowezesha kupangua na kupanga hivyo ni kwamba vipindi vyote vya saa nzima hukatwa kwa kipimo kinachokaribiana. Mpangilio unaotumika sana ni huu: dakika ya kwanza ni utangulizi wa kipindi, dakika tano zinazofuata huachwa wazi kwa taarifa ya habari, baada ya hapo kipindi chenyewe, kikikatwa na mapumziko mafupi mara mbili ili kituo kitaje jina lake, hali ya hewa na wafadhili, mwisho ni dakika ya 59 kamili. Kituo kisichotaka habari hujaza zile dakika tano kwa muziki. Kompyuta ya kituo hurekodi kipindi kinapoletwa kwa setilaiti au intaneti, ikakitoa hewani kwa saa iliyopangwa. Mtangazaji wa hapo akisema sekunde 62 kwenye nafasi ya sekunde 60, kompyuta haimsubiri: neno la kwanza la kipindi linamezwa. Ukiwahi kusikia kipindi kikianza katikati ya neno, ujue ndilo lililotokea.

SWALI: Niko Mombasa. Napenda kusikiliza Jumamosi kupitia simu lakini saa zao zinanichanganya, na bando linaisha kabla kipindi hakijafika nusu. Nifanyeje?

JIBU: Tuanze na saa. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, New York iko nyuma yetu kwa saa 7, Chicago saa 8, Los Angeles saa 10. Miezi iliyobaki ongeza moja kwenye kila hesabu. Basi kipindi cha saa nne asubuhi New York unakipata saa kumi na moja jioni mwezi Julai, na saa kumi na mbili jioni mwezi Januari. Walio Muscat waongeze saa moja juu ya hiyo ya Mombasa, walio Lubumbashi, Kigali na Bujumbura wapunguze moja, Kinshasa mbili.

Hapa ndipo ule utawanyiko wa vituo unapogeuka faida. Ukikosa chemshabongo kwenye kituo cha New York, tafuta kituo cha Los Angeles kinachoiweka saa nne ya huko: kwako itakuwa saa mbili usiku mwezi Julai. Huna haja ya kusubiri marudio.

Bando nalo lina hesabu yake. Matangazo ya mtandaoni hupimwa kwa kilobiti kwa sekunde. Mkondo wa kilobiti 128 unakula kama MB 58 kwa saa; wa 64 unakula kama 29; wa 32 kama 14 na nusu. Kwa hiyo saa sita za Jumamosi kwa mkondo wa 128 ni karibu MB 346, na kwa mkondo wa 64 ni nusu yake. Vituo vingi vina mikondo miwili au mitatu; tafuta ule wa chini kwenye ukurasa wao wa kusikiliza. Kwa mazungumzo, 64 inatosha kabisa. Muziki ndio utakaouonea huruma.

Njia ya bei nafuu zaidi ni kupakua kipindi ukiwa kwenye Wi-Fi, ukisikilize baadaye. Karibu vipindi vyote tulivyovitaja hupatikana hivyo siku ileile au kesho yake. Kama matangazo yanakatika kila ukizima kioo, mara nyingi si mtandao: ni simu inayoiua programu ili kuokoa betri. Ingia kwenye mipangilio ya betri, uiruhusu programu ya redio ifanye kazi kioo kikiwa kimezimwa.

SWALI: Hiyo chemshabongo ya Jumamosi ni ya moja kwa moja? Na msikilizaji wa kawaida anaingiaje? (Msomaji, Dallas)

JIBU: Si ya moja kwa moja. Wait Wait... Don't Tell Me! ilianza Januari 1998 na mwongozaji wake tangu mwaka huohuo ni Peter Sagal. Hurekodiwa Alhamisi jioni mbele ya watazamaji, nyumbani kwake pakiwa Studebaker Theater, Chicago, na safari nyingine kwenye kumbi za miji mingine. Jukwaani inachukua muda mrefu kuliko inavyosikika redioni. Ijumaa ni siku ya mkasi: mzaha uliodorora unatoka, jibu refu linafupishwa, na kicheko kinaachwa kikamilike. Mwisho wa onyesho waongozaji hurudia sentensi walizokosea, ndiyo maana waliomo ukumbini huwaona wakisoma tena mistari ileile bila kuchekwa. Mistari hiyo hupachikwa mahali pake.

Tazama pia ilivyogawanywa. Hakuna mchezo unaozidi dakika chache, na kila mmoja una mizani yake. Wa kwanza, msikilizaji kwenye simu anatambua nukuu tatu za habari za wiki. Akipata mbili ameshinda. Kisha wanajopo watatu wanasimulia visa vitatu, kimoja cha kweli na viwili vya kutunga, naye anachagua cha kweli. Mgeni maarufu anaulizwa maswali matatu kuhusu jambo asilolijua kabisa. Kuna mashairi mafupi ya vina ambayo neno la mwisho limefichwa. Mtu wa Mombasa au Lamu aliyezoea mafumbo ya malenga atauelewa mchezo huo mara moja. Mwisho, kila mwanajopo ana sekunde 60 za maswali ya papo kwa papo. Katikati ya kipindi pakipoa, sekunde hizo 60 hupandisha joto. Anayetaka kutunga chemshabongo ya redio aanze kwa kuiga mpangilio huo: maswali mepesi mwanzo, hadithi katikati, mbio mwisho.

Kushiriki: msikilizaji huacha ujumbe kwa simu au barua pepe, watayarishaji wanamchagua na kumpangia muda. Hapigi wakati kipindi kiko hewani, kwa sababu muda huo kipindi kimekwisha kurekodiwa. Tuzo si fedha. Kwa miaka mingi mshindi alirekodiwa salamu ya simu ya nyumbani ya kuitikia wapigaji asipokuwepo, kwa sauti ya Carl Kasell, msoma habari mkongwe wa NPR.

Kama unapenda mafumbo ya maneno zaidi ya habari, subiri Jumapili. Ndani ya Weekend Edition Sunday, iliyoanza Januari 1987, kuna fumbo la mtunga mafumbo Will Shortz. Swali hutolewa Jumapili, majibu hupokelewa mtandaoni hadi Alhamisi, kisha mmoja kati ya waliopatia huchaguliwa kwa bahati nasibu na kupigiwa simu ili acheze hewani Jumapili inayofuata. Zamani watu walituma kadi za posta. Kosa la kawaida ni kuandika jibu bila namba ya simu unayoipokea. Hawawezi kukuchezesha usipopatikana.

SWALI: Shikamooni. Niko kwenye redio ya jamii mkoani Tanga. Tumeanzisha kipindi cha Jumamosi asubuhi ambapo mafundi wawili wanajibu maswali ya bodaboda na magari. Tulivutiwa na kile cha Wamarekani wawili ndugu. Chetu kinachosha. Wapigaji wanazunguka, sauti mbovu, na fundi mmoja hasemi kitu. Tatizo liko wapi?

JIBU: Marahaba. Kipindi mlichovutiwa nacho ni Car Talk cha Tom na Ray Magliozzi, ndugu waliohitimu chuo cha teknolojia cha MIT na kufungua gereji Cambridge, Massachusetts. Kilianza kwenye kituo cha WBUR, Boston, mwaka 1977, kikaenda nchi nzima kupitia NPR 1987, na vipindi vipya vilikoma 2012. Wengi hukisikia wakadhani simu zilikuwa zinaingia zenyewe. Sivyo. Watu waliacha ujumbe, watayarishaji wakausikiliza, wakachagua, wakampigia mtu siku ya kurekodi. Lakini wale ndugu wawili hawakuambiwa tatizo mapema. Walilisikia kwa mara ya kwanza pamoja na msikilizaji. Ukiyaweka mambo hayo mawili pamoja, uchaguzi mkali nyuma ya pazia na ugeni wa kweli mbele yake, umeshapata nusu ya kipindi.

Ninyi fanyeni hivi. Tangazeni namba ya ujumbe wa sauti wiki nzima, WhatsApp inafaa. Mtu mmoja asiye fundi azisikilize zote na achague 10 hadi 12, akitafuta tatizo lenye mtu ndani yake: bodaboda anayebishana na tajiri wake nani alipie kuunguza klachi ni bora kuliko swali tupu la oili ipi nzuri. Ampigie kwanza, amuulize mambo manne: chombo gani na cha mwaka gani, kimetembea kilomita ngapi, dalili ilianza lini, na nini kimeshajaribiwa. Yaandikwe kwenye karatasi, lakini karatasi hiyo mafundi wasiione.

Rekodini Alhamisi au Ijumaa. Kila simu iacheni iende dakika saba au nane, mkijua itabaki na nne au tano. Kwa kipindi cha saa nzima chenye habari na matangazo mtahitaji simu saba au nane zilizokatwa vizuri. Zile zilizobaki msizitupe. Ni akiba ya wiki ambayo fundi ameugua.

Salamu ndizo zinazowamaliza. Haloo, mnanisikia, habari za hapo studio, nawasalimia wote wanaonifahamu kuanzia mjomba wangu wa Muheza: dakika nzima imekwenda, na wapigaji wanane ni dakika nane. Salimianeni kabla kitufe cha kurekodi hakijabonyezwa, kwa ukarimu wote. Hewani ibaki salamu moja. Lakini msizifute zote. Mzee akiingia bila kuamkiwa, msikilizaji ataona mafundi hawana adabu, na hatowaamini hata kwa plagi.

Sauti mbovu ina sababu tatu zinazojulikana. Ya kwanza, mpigaji ametumia spika ya simu: mwambieni aishike sikioni, aingie ndani, afunge dirisha, azime redio yake. Ya pili, anajisikia mwenyewe kwa kuchelewa, kwa hiyo anasitasita na kukatiza maneno. Hiyo inatoka kwenu: mikisa, yaani mashine ya kuchanganya sauti, inamrudishia sauti yake. Njia inayokwenda kwenye simu lazima ibebe sauti za studio zote isipokuwa ya kwake. Kama mikisa yenu ina njia ya ziada ya kutolea sauti, iunganisheni hiyo na simu, mkashushe kabisa sauti ya simu kwenye njia hiyo. Ya tatu, mnarekodi simu na maikrofoni kwenye njia moja, kwa hiyo mkihariri hamwezi kupandisha mmoja bila mwingine. Kila sauti na njia yake. Kilele cha sauti kicheze kati ya desibeli −12 na −6, si karibu na sifuri ambako sauti inapasuka.

Kuhusu fundi asiyesema kitu: hana kazi. Wape kazi tofauti. Mmoja aulize, mwingine abishe. Ikiwa wote wanakubaliana tangu mwanzo hakuna kipindi. Chukueni mfano wa pikipiki inayozima baada ya nusu saa njiani kisha inawaka yenyewe ikipumzika. Fundi wa kwanza atasema koili inapata joto. Wa pili aseme la hasha, tundu dogo la kupumulia kwenye kifuniko cha tangi limeziba, mafuta hayashuki kwa sababu hewa haiingii. Nani yuko sahihi? Mpigaji apewe kipimo atakachokifanya mwenyewe: ikizima tena, afungue kifuniko papo hapo. Ikivuta hewa kwa mlio na kuwaka baada ya muda mfupi, ni kifuniko. Ikikataa, waangalie cheche. Kisha mpigieni tena baada ya wiki tatu, hewani, asikike akisema nani alikosea. Car Talk walikuwa na sehemu maalumu ya kurudi kwa wapigaji namna hiyo, na hapo ndipo imani ya wasikilizaji inajengwa.

Jambo la mwisho kwenu: gereji au fundi aliyeharibu chombo cha mpigaji asitajwe jina. Kateni hata kama limetoka kwa bahati mbaya. Hiyo nayo ni faida ya kurekodi.

SWALI: Nina mkahawa wa vyakula vya pwani hapa Columbus. Kituo chetu cha redio ya umma kimeniambia naweza kuwa mfadhili nikatajwa Jumamosi, lakini tangazo nililoliandika wamelirudisha likiwa limejaa mistari myekundu. Kosa langu nini?

JIBU: Dada, huenda umeandika tangazo la biashara, na kituo cha umma hakiruhusiwi kurusha tangazo la biashara kwa malipo. Kinaruhusiwa, tena kinalazimika, kumtaja anayekilipia. Mstari kati ya mambo hayo mawili umechorwa na tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, nao uko kwenye maneno.

Sentensi kama hii itarudishwa: "Njoo leo ule pilau tamu kuliko zote mjini kwa dola 12 tu, na chai ni bure." Ina makosa manne. "Njoo" ni amri ya kumwita mteja. "Tamu kuliko zote" ni kujilinganisha na wengine. "Dola 12" ni bei. "Chai ni bure" ni kishawishi. Hii itapita: "Kipindi hiki kimewezeshwa na mkahawa wetu, unaopika pilau, biriani na samaki wa kupaka wa pwani ya Afrika Mashariki, ulio mtaa fulani, wazi Jumanne hadi Jumapili." Jina, mahali, simu, anwani ya mtandao, unachokiuza, miaka uliyokuwepo: vyote vinakubalika maadamu vimetajwa kama habari tu. Andika kwa sekunde 15 ukisoma kwa sauti ya kawaida, kama maneno 30 hivi ya Kiswahili. Na jina la mkahawa liwe rahisi kutamkwa na mtangazaji wao. Mwandikie matamshi kando, herufi kwa herufi.

Omba uwekwe kwenye mapumziko ya chemshabongo au ya kipindi cha mapishi, si usiku wa manane. Bei hutofautiana sana kwa saa, na una haki ya kuuliza.

SWALI: Mara kadhaa kwa mwaka vipindi nivipendavyo vinakatwakatwa na watu wanaoomba michango. Kwa nini wanachagua hasa mwisho wa wiki? (Msomaji, Houston)

JIBU: Kwa sababu ndipo wanapoitikiwa. Msikilizaji wa Jumamosi anakipenda kipindi kwa moyo, na apendaye hutoa. Sasa haja imeongezeka: Julai 2025 bunge la Marekani lilifuta dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimekwisha kutengwa kwa utangazaji wa umma kwa miaka miwili, na shirika lililokuwa likizigawa, CPB, likatangaza mwezi uliofuata kwamba linafunga shughuli zake. Vituo vya miji mikubwa vina wachangiaji wengi. Vituo vidogo vya vijijini na vya maeneo ya Wamarekani wa asili ndivyo vilivyoumia zaidi, kwa kuwa fungu lile lilikuwa sehemu kubwa ya bajeti yao. Kama una dola tano za mwezi, zitoe kila mwezi badala ya 60 kwa mkupuo. Kituo kinapanga vizuri kikijua nini kitaingia. Ukipewa zawadi ya kikombe au fulana, thamani yake hutolewa kwenye kiasi unachoweza kukiombea nafuu ya kodi. Na ndiyo, vituo vingi hupokea hata gari kuukuu, vikaliuza.

SWALI: Kikundi chetu cha Zanzibar kinaandaa mchezo wa redio wa nusu saa kila Jumapili. Tunachukua sauti za mlango, mvua na farasi kutoka mtandaoni lakini zinasikika zimebandikwa. Wanaofanya mbele ya watu hufanyaje?

JIBU: Hufanya kwa mikono, palepale, wakimtazama mwigizaji machoni. Mfano mzuri ni A Prairie Home Companion cha Garrison Keillor, kilichoanza tarehe 6 Julai 1974 kwenye chuo cha Macalester, St. Paul, mbele ya watu wapatao 12, na baadaye kikawa kipindi cha Jumamosi jioni cha nchi nzima, saa mbili za moja kwa moja jukwaani. Fundi wake wa sauti, Tom Keith, alisimama na meza ya vitu na mdomo wake mwenyewe hadi alipofariki mwaka 2011. Sauti iliyorekodiwa kwingine ina chumba chake ndani yake. Ndiyo maana inasikika imebandikwa. Inayotengenezwa mbele ya maikrofoni yenu inapata chumba kilekile cha waigizaji.

Vifaa mnavyo. Farasi ni vifuu viwili vya nazi juu ya sinia lenye kokoto. Kwa njia ya mchanga, badilisheni kokoto kwa mchanga mkavu. Mawimbi ni vikombe viwili vya choroko ndani ya ungo, mkiuinamisha polepole upande huu na ule, maikrofoni ikiwa sentimita 30 juu yake. Mvua ya bati ni punje za mchele zikidondoka kidogokidogo juu ya kipande cha bati kilichoinamishwa. Mkimwaga kwa mkupuo itasikika mchele tu. Moto ni karatasi ya nailoni ngumu ya pakiti za biskuti, ikifinywa taratibu sentimita 10 kutoka kwenye maikrofoni. Radi ni bati jembamba la urefu wa mita moja na nusu hivi, lining'inizwe juu, litikiswe kwa chini, na maikrofoni ikae mbali, angalau mita moja. Ndege akiruka ni jozi ya glavu za ngozi zikipigwapigwa. Mfupa ukivunjika ni karoti. Mlango lakini usiigizwe: tengenezeni mlango mdogo wa kweli wenye fremu, bawaba na komeo, wa kimo cha kiuno. Hakuna kitu kingine kinachosikika kama mlango.

Kosa kubwa kuliko yote ni la wakati. Sauti itangulie neno. Mlango ubishwe, kimya cha nusu sekunde, ndipo mwigizaji aseme "nani?" Akianza kusema kabla, msikilizaji amekwisha ambiwa. Na msiweke sauti mbili kwa pamoja kwenye tukio moja. Mvua ikiendelea chini ya mazungumzo, ipunguzeni hadi isikike pale tu watu wanaponyamaza.

SWALI: Redio yangu ya mezani inakwaruza kwenye kituo cha umma tu, vile vya muziki viko safi. (Msomaji, mashambani Iowa)

JIBU: Vituo vya elimu na vya umma vimetengewa mwanzo wa bendi ya FM, kuanzia 88.1 hadi 91.9, na vingi vina mtambo mdogo kuliko vile vya biashara. Kwanza badilisha stereo kuwa mono kama redio ina swichi hiyo. Mkwaruzo hupungua sana na mazungumzo hayapotezi kitu. Isipotosha, tengeneza antena: nyaya mbili za sentimita 79 kila moja, zimenyooshwa kulia na kushoto kwa mlalo, moja imeunganishwa na waya wa kati wa kebo ya televisheni na nyingine na wavu wake wa nje. Kipimo hicho ni cha masafa ya 90 hivi. Uiweke dirishani au darini, ubavu wake ukielekea mnara, si ncha.

SWALI: Kuna muziki wa kwetu kwenye Jumamosi hizo?

JIBU: Uko. Tafuta Afropop Worldwide, kilichoanza mwaka 1988 na kuongozwa na Georges Collinet, mzaliwa wa Kameruni. Vituo vingi hukiweka usiku wa mwisho wa wiki, vingine havikinunui kabisa. Kama chako hakina, mwandikie mkuu wa vipindi barua fupi yenye jina la kipindi, jina la msambazaji na saa unayopendekeza, na uwaombe wenzako watano waandike kila mmoja kwa maneno yake. Barua sita zisizofanana zinasomwa. Sita zilizonakiliwa zinahesabiwa moja.